Fizikia ya Mpemba na Ushahidi wa Nyololo: Uhakiki wa Haki ya Kuuliza katika Sayansi na Teknolojia

IKISIRI

Makala hii inahakiki simulizi ya Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Tanganyika aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaliganda kabla ya maziwa ya baridi. Matini inayohakikiwa ni makala ya mwaka 1969 ambayo Mpemba aliichapisha pamoja na Denis Osborne. Usomaji uliozoeleka huisifu simulizi hiyo kwa sababu mwanafunzi alipata na mwalimu akakosa. Makala hii inaupinga usomaji huo. Inajenga hoja kwamba thamani ya simulizi haimo katika usahihi wa jibu, ambalo wanafizikia wanaendelea kulibishania, bali katika utaratibu ulioliwezesha swali la mtu asiye na cheo kufikishwa kwenye jaribio. Hoja hiyo inapimwa kwa matukio mengine mawili ya Mkoa wa Iringa: upimaji wa fuvu la Mtwa Mkwawa na ushahidi wa picha wa Nyololo wa mwaka 2012. Inahitimishwa kwamba mustakabali wa teknolojia katika Nyanda za Juu Kusini, kama kwingineko, utaamuliwa na haki ya kuuliza na wajibu wa kujaribu zaidi kuliko wingi wa vifaa.

1.0 Utangulizi

Falsafa ya sayansi huuliza ujuzi unathibitishwaje. Sosholojia ya sayansi huuliza ni nani anayeruhusiwa kuuthibitisha, mbele ya nani, na kwa vifaa vya nani. Katika mitaala mingi maswali haya mawili hutenganishwa, la kwanza likapewa wanafalsafa na la pili wanasosholojia. Matokeo yake ni kwamba mjadala kuhusu mustakabali wa teknolojia hubaki ukihesabu vitu: minara ya simu, kompyuta mashuleni, kasi ya intaneti, na sasa programu za akili mnemba. Kinachosahaulika ni kwamba chombo hakijui kitu chenyewe. Chombo hutoa alama, na jamii ndiyo huamua alama hiyo ni ushahidi au ni kosa la mpimaji.

Mkoa wa Iringa unafaa kulichunguza jambo hili kwa namna ya pekee. Msafiri anayetoka Iringa mjini kwenda Mbeya kwa barabara kuu hupita Mafinga, kisha Nyololo katika Wilaya ya Mufindi, kabla ya kufika Makambako. Nyololo ni njiapanda: hapo huchepuka barabara ya kwenda Igowole na mashamba ya chai. Katika fikra za wengi, ukanda huu ni wa misitu, chai, mahindi na viazi, si wa falsafa ya sayansi. Hata hivyo, mkoa huohuo una sehemu tatu ambazo kila moja imewahi kuuliza, kwa namna yake, swali la nani aaminiwe. Kalenga lilihifadhiwa fuvu lililorudishwa kwa hoja ya vipimo. Iringa mjini ilikuwapo shule ambamo mwanafunzi alichekwa kwa swali la fizikia. Nyololo mwandishi wa habari aliuawa akiwa kazini, na kamera zikawa shahidi.

Makala hii inaipa simulizi ya Mpemba nafasi kubwa kuliko matukio mengine mawili, kwa kuwa ndiyo iliyoandikwa na muulizaji mwenyewe. Fuvu la Mkwawa na ushahidi wa Nyololo vinaletwa ili kuipima hoja itakayotokana na simulizi hiyo.

2.0 Mkabala wa Kinadharia

Uhakiki huu unaongozwa na mawazo ya wataalamu watatu. Wa kwanza ni Robert Merton, mwanasosholojia wa Marekani, ambaye mwaka 1942 alieleza kaida zinazoiongoza jamii ya wanasayansi. Mbili kati ya hizo zinahusika hapa. Kaida ya umajumui inadai kwamba dai lipimwe bila kujali rangi, taifa, dini au cheo cha anayelitoa. Kaida ya shaka iliyoratibiwa inadai kwamba hakuna dai linalopokelewa kabla ya kuchunguzwa. Merton hakusema kwamba wanasayansi wote hutii kaida hizi. Alisema kwamba kaida hizi ndizo zinazowafanya waone haya wanapozivunja.

Wa pili ni Harry Collins wa Uingereza, aliyeonyesha mwaka 1985 ugumu unaoweza kuitwa duara la majaribio. Ili kujua kama jaribio limefanywa vizuri, mchunguzi anahitaji kujua matokeo sahihi ni yapi. Na ili kujua matokeo sahihi, anahitaji jaribio lililofanywa vizuri. Katika mabishano halisi, duara hili hukatwa kwa sifa ya mpimaji, kwa cheo cha taasisi yake au kwa makubaliano ya wanataaluma, si kwa vipimo peke yake.

Wa tatu ni Paulin Hountondji, mwanafalsafa wa Benin, aliyedai kwamba sayansi ya Afrika imeelekezwa nje. Malighafi za ujuzi, yaani data na mambo yaliyoonwa, hukusanywa Afrika. Nadharia hutengenezwa kwingine. Kisha nadharia hiyo hurejea ikiwa bidhaa iliyokamilika. Mfano wake ni wa kiuchumi kwa makusudi: anaufananisha utafiti na biashara ya malighafi zinazosafirishwa nje na kurudi zikiwa bidhaa.

Mawazo haya matatu yanakamilishana. Merton anaeleza lipi linapaswa kutendeka, Collins anaeleza kwa nini ni vigumu, na Hountondji anaeleza gharama yake hulipwa na nani.

3.0 Matini na Mazingira Yake

Makala ya Mpemba na Osborne ilichapishwa mwaka 1969 katika jarida la ufundishaji wa fizikia la Uingereza. Kichwa chake ni neno moja lenye alama ya kuuliza, na alama hiyo ni muhimu kuliko neno lenyewe. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha usimamizi wa wanyamapori cha Mweka, karibu na Moshi, na Osborne alikuwa mwalimu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki.

Matini ina sehemu mbili. Katika ya kwanza Mpemba anasimulia kwa nafsi yake. Mwaka 1963 alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu kwa kuchemsha maziwa, kutia sukari, kuyaacha yapoe, kisha kuyatia kwenye jokofu. Nafasi ilikuwa haba. Mwenzake aliamua kutochemsha maziwa ili awahi. Mpemba, kwa kuogopa kukosa nafasi, akatia maziwa yake yakiwa bado ya moto. Baada ya saa moja na nusu maziwa ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake yalikuwa bado uji mzito. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa kwamba amechanganyikiwa.

Baadaye alijiunga na Shule ya Mkwawa, Iringa. Huko, katika somo la kanuni ya Newton ya upoaji, alirudia swali lake. Mwalimu alijibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya watu wote. Tangu siku hiyo, kila alipokosea hesabu, darasa lilimrudishia maneno hayo. Siku moja alikuta maabara ya biolojia iko wazi, akatia bika mbili ndogo kwenye jokofu, moja yenye maji ya bomba na nyingine yenye maji ya moto. Aliporudi, barafu ilikuwa nyingi zaidi kwenye ile iliyoanza ikiwa ya moto. Lakini mwenyewe aliona kwamba jaribio hilo halikutosha kuthibitisha jambo. Osborne alipokuja kuzungumza na wanafunzi, Mpemba alisimama akauliza: maji ya nyuzijoto 35 na maji ya nyuzijoto 100, ya ujazo ulio sawa, yakitiwa kwenye jokofu, kwa nini ya nyuzijoto 100 huganda kwanza? Wenzake waliona amewaaibisha. Osborne aliahidi kujaribu.

Sehemu ya pili ni ya Osborne. Anaeleza majaribio yaliyofanywa Dar es Salaam, bika zikiwa zimewekwa juu ya povu la plastiki ili zisigusane moja kwa moja na barafu ya jokofu, anatoa grafu, anaeleza kwamba tabaka la mafuta juu ya maji lilichelewesha kuganda, na anaielekeza sababu kwenye mzunguko wa maji ya moto yanayopanda na ya baridi yanayoshuka ndani ya chombo. Anaonya pia juu ya hatari ya fizikia inayofundishwa kwa amri.

4.0 Uhakiki wa Simulizi

4.1 Kicheko kama mpaka wa elimu

Jibu la mwalimu wa Mkwawa linastahili kusomwa kwa makini, kwa kuwa si kebehi tupu. Kimuundo ni dai la kifalsafa. Linagawa fizikia mbili: moja ya watu wote, nyingine ya mtu mmoja. Kile ambacho Merton anakiita umajumui kinageuzwa hapa kuwa uzio. Badala ya kusema kwamba dai lipimwe bila kujali msemaji, jibu linasema kwamba dai halipimiki kwa kuwa ni la msemaji huyu. Kicheko cha darasa kinakamilisha kazi ya uzio huo. Kila hesabu iliyokosewa inakuwa ushahidi kwamba swali la mwanzo nalo lilikuwa kosa, ingawa hesabu hizo hazikuhusiana na jokofu.

Ni haki kumtendea mwalimu huyo uadilifu. Kwa elimu aliyokuwa nayo, kukataa kwake kulikuwa na msingi. Kanuni aliyokuwa akiifundisha inahusu tofauti ya joto kati ya kitu na mazingira yake, na mtu akiifuata kwa wepesi ataona kwamba maji ya moto hayana budi kwanza kufika kwenye joto la yale ya baridi. Mwalimu anayelijaribu kila dai la kila mwanafunzi hawezi kumaliza muhtasari. Basi kosa lake halikuwa shaka, kwa kuwa shaka ni kaida ya sayansi. Kosa lake lilikuwa kuifanya shaka ipite upande mmoja: alilitilia shaka jicho la mwanafunzi, lakini hakukitilia shaka kitabu, na hakuona haja ya jokofu kuwa mwamuzi kati yao. Shaka aliyokuwa nayo haikuwa imeratibiwa.

Lugha ilikuwa sehemu ya uzio huo. Shule ya sekondari ilifundisha kwa Kiingereza, na maneno ya maabara yalikuwa ya Kiingereza. Aiskrimu ilitengenezwa jikoni, na hapakuwa na kanuni ya kitabu iliyokuwa ikisomwa pale. Swali la Mpemba lilivuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na sehemu ya mshangao wa darasa ilitokana na kuvuka huko. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipochapa mwaka 1990 kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, iliweka daraja ambalo kizazi cha Mpemba hakikuwa nalo. Daraja hilo linangojea wapitaji: istilahi haimpi mwanafunzi ruhusa ya kuuliza iwapo mwalimu ameshaamua kwamba swali ni aibu.

4.2 Mashahidi wasiotajwa

Wasomaji wengi huikumbuka simulizi kwa watu wawili, mwanafunzi na mwanafizikia. Matini yenyewe ina watu zaidi. Yupo rafiki aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, ambaye alimweleza Mpemba kwamba hutumia mchanganyiko wa moto ili kupata bidhaa mapema. Yupo fundi wa maabara wa Dar es Salaam aliyelifanya jaribio la kwanza la chuo. Wote wawili hawana majina katika historia inayosimuliwa, ingawa bila wao simulizi ingekoma darasani.

Muuza aiskrimu anawakilisha ujuzi wa kazi. Hakuhitaji nadharia, alihitaji bidhaa iwahi wateja. Ujuzi wake ulikuwa umepimwa na soko kila siku, lakini haukuwa na njia ya kuingia maabarani mpaka mwanafunzi alipoubeba. Kwa maneno ya Hountondji, hii ndiyo malighafi ambayo haikuwa na kiwanda karibu.

Fundi anafundisha zaidi. Osborne anasimulia kwamba fundi alileta habari kuwa maji yaliyoanza yakiwa ya moto yameganda kwanza, kisha akaahidi kuendelea kulirudia jaribio mpaka matokeo sahihi yapatikane. Wasimulizi wengi huyachukua maneno hayo kama kichekesho. Kwa hakika yanaliweka wazi duara la Collins kuliko sura nzima ya kitabu cha nadharia. Fundi alikuwa mwaminifu: alitoa taarifa ya alichokiona. Lakini alikuwa pia mtiifu: alijua kabla ya jaribio matokeo yanapaswa kuwa yapi, na kwa hiyo alihesabu matokeo mengine kuwa dalili ya kazi mbaya. Mwalimu wa Iringa na fundi wa Dar es Salaam waliongozwa na imani ileile. Kilichowatofautisha ni kwamba fundi aliwasha jokofu, na barafu ikapata nafasi ya kumpinga.

4.3 Iwapo Mpemba alikosea

Hapa ndipo usomaji uliozoeleka unapovunjika. Kwa miaka mingi simulizi imefundishwa kama hadithi ya ushindi: mnyonge alidharauliwa, kisha dunia ikampa haki yake. Ili hadithi hiyo isimame, ni lazima maji ya moto yawe kweli yanaganda kwanza. Jambo hilo si jepesi kiasi hicho.

Wazo lenyewe ni la kale. Aristotle alilitaja, Francis Bacon alilitaja mwaka 1620, na Descartes akaligusa mwaka 1637. Mwaka uleule wa 1969 mwanafizikia wa Kanada, George Kell, alichapisha makala kuhusu suala hilohilo. Maelezo yaliyopendekezwa tangu hapo ni mengi: uvukizi unaopunguza ujazo wa maji, gesi zinazotoka maji yanapochemshwa, barafu ya jokofu inayoyeyuka chini ya chombo cha moto na kukigusanisha vizuri zaidi na ubaridi, na maji kupoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walirudia majaribio, wakapitia matokeo ya wengine, na kuhitimisha kwamba hawakuona ushahidi wa maana wa athari hiyo katika upoaji wa maji. Walionyesha pia kwamba kusogeza kipimajoto kwa takriban sentimita moja kunaweza kutosha kuleta tofauti inayofanana na athari hiyo. Wapo wanaojibu kwamba wao walipima kupoa hadi nyuzi 0, si kuganda kwenyewe. Wakati huohuo, jina la Mpemba limehamia mbali na aiskrimu: mwaka 2020 Kumar na Bechhoefer wa Kanada walionyesha upoaji wa namna hiyo katika mfumo wa chembe ndogo sana zilizo ndani ya maji, na mwaka 2024 yalitangazwa majaribio ya athari inayolingana nayo katika mifumo ya kwanta.

Kwa hiyo mhakiki anayejenga hoja yake juu ya ushindi wa Mpemba amejenga juu ya barafu. Ikiwa kesho itathibitika kwamba maji hayafanyi hivyo, je, kicheko cha darasa kitakuwa kimehalalika? Makala hii inajibu kwamba la. Mpemba hakudai nadharia. Alidai kwamba ameona jambo, akaeleza masharti ya kulirudia, na akakiri kwamba jaribio lake la bika mbili halikutosha. Hizo ni sifa za ushahidi unaostahili kupimwa, liwe jibu lolote. Osborne naye hakumwamini. Aliona tu kwamba kutoamini ni sababu ya kujaribu, wala si sababu ya kunyamazisha. Haki ya kuuliza isiyotambuliwa mpaka jibu lithibitike si haki, ni zawadi ya washindi.

Usomaji wa ushindi una madhara ya vitendo pia. Unamfundisha mwanafunzi kwamba wanaochekwa huwa na kweli, jambo ambalo ni uongo na ni hatari, kwa kuwa kila mtangazaji wa dawa ya uongo naye husema anachekwa. Kinachowatofautisha wawili hao ni jokofu: mmoja anaomba jaribio, mwingine analikimbia.

4.4 Jina na safari yake

Maneno yaliyotumiwa kumkebehi na jina linalomheshimu yana sarufi moja. Fizikia ya Mpemba na athari ya Mpemba zote zina kiunganishi cha umiliki. Katika la kwanza umiliki unapunguza: ni yake tu. Katika la pili umiliki unakumbusha: alianzia kwake. Mabadiliko hayo hayakuletwa na hoja mpya ya Mpemba, bali na mahali maneno yaliposemewa. Kutoka Iringa swali lilikwenda Dar es Salaam, na kutoka Dar es Salaam likachapishwa Uingereza. Liliporudi, lilikuwa limepata heshima. Huu ndio mwelekeo wa nje aliouona Hountondji, na simulizi haiwezi kuukwepa kwa sababu tu mwisho wake ni mzuri.

Mgawanyo wa sauti katika matini unathibitisha jambo hilo. Mpemba amepewa kusimulia na Osborne amepewa kueleza. Mmoja ana maisha, mwingine ana grafu. Ingawa jina la Mpemba limetangulia, sehemu yake inasomwa kama kisa na ya Osborne kama sayansi. Lakini ni katika kisa ndimo yamo masharti ya jaribio, ulinganisho wa vyombo viwili, kutafuta shahidi huru katika biashara ya Tanga na tahadhari kuhusu ushahidi mdogo. Mhakiki akiisoma sehemu ya kwanza kama fasihi tu, atakuwa ameendeleza mgawanyo uleule uliofanywa na mwalimu wa Mkwawa.

5.0 Fuvu: Mtu Anayepimwa

Jina la shule hiyo linaleta tukio la pili. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe na Wajerumani, na kichwa chake kikachukuliwa. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, katika kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu lake. Halikupatikana wakati huo. Mwaka 1954 Gavana Edward Twining alilirudisha kutoka jumba la makumbusho la Bremen, nalo likawekwa Kalenga.

Namna fuvu lilivyotambuliwa inahusika moja kwa moja na uhakiki huu. Miongoni mwa mafuvu mengi ya mkusanyo huo, uchaguzi uliongozwa na uwiano wa upana na urefu wa kichwa, ukilinganishwa na vipimo vya ndugu wa Mkwawa walio hai, pamoja na alama ya risasi. Yaani sayansi ileile ya kupima vichwa iliyokuwa imejaza mafuvu ya Waafrika katika makumbusho ya Ulaya ndiyo iliyotumiwa kurudisha moja. Shaka juu ya utambulisho wake imeendelea miongoni mwa wanahistoria. Hata hivyo, kwa jamii ya Wahehe fuvu limefanya kazi ambayo kipimo hakikuweza kuifanya: limerudisha heshima.

Kulilinganisha fuvu na bika za Mpemba kunaonyesha nafasi mbili za mtu mbele ya sayansi. Katika tukio la kwanza mtu wa Iringa ni kitu kinachopimwa. Katika la pili ni mtu anayepima. Shule iliyobeba jina la aliyepimwa ndiyo iliyokuwa na nafasi ya kumlea anayepima, na kwa muda ilisita. Tangu mwaka 2005 mahali hapo pamekuwa chuo kikuu kishiriki cha elimu cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambapo walimu wa sayansi huandaliwa. Suala la namna ya kulipokea swali la mwanafunzi kwa hiyo si kumbukumbu pale. Ni somo la kazi.

6.0 Nyololo: Chombo na Shahidi

Tarehe 2 Septemba 2012, katika kijiji cha Nyololo, polisi walitawanya wafuasi wa chama cha upinzani waliokusanyika kwa shughuli ya kufungua tawi. Daudi Mwangosi, mwandishi wa kituo cha Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya Mkoa wa Iringa, aliuawa akiwa kazini. Picha za waandishi wenzake zilizochapishwa magazetini zilimwonyesha akiwa katikati ya askari. Uchunguzi zaidi ya mmoja uliundwa, na ripoti zake hazikufikia mahitimisho yaliyolingana. Mwaka 2016 Mahakama Kuu mjini Iringa ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15.

Kifo cha mtu hakilinganishwi na kuchekwa darasani, na makala hii haifanyi ulinganisho huo. Kinacholinganishwa ni mwenendo wa ushahidi. Nyololo palikuwa na vyombo viwili vya teknolojia: silaha ya kufyatulia mabomu ya machozi na kamera. Kimoja kilitenda, kingine kiliandika. Kamera iliwapa watu wasio na cheo uwezo ambao jokofu lilimpa Mpemba: uwezo wa kusema jambo ambalo mwenye cheo hawezi kulifuta kwa kulikana. Lakini picha, kama barafu, haikujitosheleza. Ripoti zilizotofautiana zilitazama tukio lilelile. Miaka minne ilipita kabla ya hukumu, na kilicholeta hukumu ni taasisi iliyolazimika kusikiliza pande zote mbili na kupima mashahidi hadharani.

Kazi ya mwandishi wa habari na ya mwanasayansi zina mzizi mmoja: kwenda mahali jambo linapotendeka, kuangalia, na kurudi na maelezo ambayo wengine wanaweza kuyapima. Jamii inayomwadhibu wa kwanza kwa kuangalia haiwezi kutarajia kumpata wa pili. Kwa sababu hiyo Nyololo ni sehemu ya historia ya sayansi ya Tanzania, ingawa hakuna maabara iliyohusika.

7.0 Hitimisho

Mtoto wa Nyololo wa leo anaweza kuwa na chombo mkononi ambacho Mpemba hakuwa nacho. Simu ya kawaida ina kamera na ina njia ya kuifikia maktaba ya dunia. Wenye matumaini husema kwamba hilo linatosha. Uhakiki huu umeonyesha kwamba halitoshi, na kwamba jambo moja limekuwa gumu zaidi. Picha ya mwaka 2012 ilikuwa na uzito kwa sababu kuitengeneza picha ya uongo yenye kuaminika kulikuwa kazi kubwa. Programu za akili mnemba zinaipunguza kazi hiyo siku hadi siku. Kadiri picha ya uongo inavyokuwa rahisi, ndivyo mwenye mamlaka anavyoweza kuikana picha ya kweli. Programu hizohizo humjibu mwanafunzi kwa sauti ya uhakika, na jibu la uhakika lisilojaribiwa ndilo hasa alilopewa Mpemba mara mbili, Magamba na Iringa. Tofauti ni kwamba mwalimu alikuwa na uso, na siku moja mgeni aliweza kuja na kuulizwa mbele yake.

Kwa hiyo mustakabali wa teknolojia hauna budi kupimwa kwa vigezo tofauti na idadi ya vifaa. Je, mwanafunzi anaweza kuupata muda wa maabara kwa swali ambalo halimo katika muhtasari? Je, jaribio linaweza kurudiwa karibu na mahali jambo lilipoonekana, au lazima lisafiri ng'ambo ndipo lipate heshima? Je, muuza aiskrimu, fundi na mpiga picha wana njia ya kuingiza wanachokijua katika kumbukumbu ya taifa wakiwa na majina yao? Walimu wanaoandaliwa Iringa wataulizwa maswali ya namna ya Mpemba, na mengi yatakuwa na makosa. Simulizi hii haiwataki wayaamini. Inawataka waandae vyombo, waandike masharti ya jaribio, na wamwite aliyeuliza asimame karibu wakati wa kusoma kipimo.